Nimesuka upya nyaya za kuchaji za Land Rover 109 ya mwaka 1979: vipimo, makosa na waya niliotumia

Mpanda Kitonga (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Nauweka kwa sababu nilipokuwa nahangaika sikupata mtu wa kunieleza jambo hili kwa Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwenye gari la zamani, hasa lile lisilo na kompyuta, avute kiti.

Gari ni Land Rover Series III, chesi ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya sisi (cc) 2286. Baba alilinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akabebea mbao na viazi kutoka Kilolo miaka mingi, sasa liko mikononi mwangu na sina mpango wa kuliuza.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilikuwa narudi Iringa kutoka Morogoro. Mvua ilinikuta Ruaha Mbuyuni na giza likaingia kabla sijaanza kupanda mlima Kitonga. Nikawasha taa kubwa, waipa, na spotilaiti mbili za mbele. Kona ya tatu nikaona mwanga unageuka njano, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Waipa ikawa inapanda kioo taratibu, inasimama katikati, inashuka. Halafu injini ikaanza kukosa, maana koili ya petroli nayo inakula umeme huohuo. Nyuma yangu semitrela imeshikilia honi. Nilizima spotilaiti, nikazima waipa, nikatoa kichwa dirishani, nikapanda hivyohivyo mpaka Ilula, mwanangu wa miaka sita yuko pembeni ananiuliza kwa nini taa zinalala. Muda wote huo taa ya chaji kwenye dashibodi haikuwaka hata mara moja.

Hiyo taa kutowaka ndiko kulikonipoteza mwaka mzima. Nilizunguka gereji nne. Nilinunua betri mbili, ya kwanza N50, ya pili N70 kwa kuambiwa ya kwanza ni ndogo. Nilibadilisha alteneta mara mbili (kile kifaa kinachozungushwa na injini kutengeneza umeme na kuchaji betri; wengine mnaiita jenereta, ni kitu kilekile). Na kila gereji ilikuwa na kipimo kimoja: gari likiwa linaunguruma, fundi anachomoa terminali ya betri. Injini isipozima anasema alteneta nzima, lete hela ya betri.

Wakuu, nawaomba msimruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari lenu. Kipimo hicho ni cha enzi za daynamo, kifaa cha kuchaji cha magari ya kale kabla ya alteneta. Kwenye alteneta, betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inasukuma ampia nyingi, volti zinaweza kuruka kupita 60 kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kuua daiodi za alteneta (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), regyuleta (inayodhibiti volti zake), redio, na kwenye magari ya sasa hata kompyuta. Isitoshe hakikuambii chochote cha maana. Gari langu lilikifaulu mara nne na bado lilikuwa linanizimia taa mlimani.

Mwishowe nilinunua mita ya kidijitali ya bei ya kawaida, nikakaa nayo Jumamosi moja uani. Kipimo kilichonifungua macho ni hiki. Injini inaunguruma kwa mwendo wa kati, taa kubwa zimewaka, waipa inafanya kazi. Mita iko kwenye volti za DC. Kwenye nguzo za betri zenyewe: 12.2. Kisha mshale mwekundu wa mita kwenye posti ya alteneta ya kutolea umeme, mweusi kwenye bodi ya alteneta: 14.2. Nikarudia mara tatu nikidhani mita ni mbovu. Volti 2 kamili zilikuwa zinapotea kati ya vitu viwili vilivyokaa chini ya boneti moja.

Nikazitafuta zilikopotelea. Mshale mmoja kwenye posti ya alteneta, mwingine kwenye nguzo ya chanya ya betri, kila kitu kikiwa bado kimewashwa: 1.4. Kisha mmoja kwenye bodi ya alteneta, mwingine kwenye nguzo ya hasi: 0.6. Jumlisha, unapata volti 2 zako. Waya wa chanya ukiwa mzima, hapo mita inatakiwa isome chini ya 0.3, na upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chesi) chini ya 0.2. Kipimo hiki lazima ukifanye mzigo ukiwa umewashwa. Nyaya zangu hizohizo, gari likiwa limezimwa, ukizipima kwa kile kipimo cha mlio zinalia vizuri kabisa, kwa sababu hakuna umeme wa maana unaopita.

Sasa elewa alteneta ilikuwa inafikiria nini. Alteneta iliyokuwa kwenye gari, Lucas 16ACR ya ampia 34, ina regyuleta mgongoni mwake, chini ya kifuniko cheusi cha plastiki, na yangu ilikuwa inajipimia palepale ilipo. Ikiona 14.2 mlangoni kwake inaridhika na kazi yake. Habari za betri kupata 12.2 haizijui. Betri ya risasi iliyojaa ikipumzika inasimama karibu na 12.6, na kuijaza unahitaji kati ya 13.8 na 14.4. Kwa hiyo betri zangu zote mbili zilikufa kwa njaa, na alteneta mbili nilizozitoa zilikuwa nzima. Bado ninazo stoo.

Nilipokata tepu nyeusi iliyofunga fungu la nyaya, nilikaa chini. Waya wa asili wa kahawia ulikuwa umekatwa zamani, na katikati fundi fulani wa miaka iliyopita alikuwa ameunga waya wa nyumba, ule wa milimita 2.5 za mraba wenye msumari mmoja wa shaba ndani. Waya wa nyumba umetengenezwa kulala ukutani bila kutikisika. Kwenye Land Rover ya barabara ya vumbi unatikisika kila sekunde, na pale ulipopindwa ulikuwa umeshaanza kupasuka. Maungio yalikuwa ya kusokota kwa vidole. Nilipoyafungua, shaba ilikuwa ya kijani kama jani la mchicha, na plastiki ya pembeni imekuwa ngumu, inavunjika ukiigusa. Hapo palikuwa panapata joto kila safari.

Upande wa ethi nako kulikuwa na yake. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chesi ni chuma. Mtu alikuwa ameipeleka ethi ya betri kwenye bodi kwa skrubu ya chuma, na kwa miaka unyevu umefanya kazi yake: chini ya skrubu kulikuwa na unga mweupe kama dona iliyosagwa laini. Ule mkanda wa shaba iliyosukwa unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesi ulikuwa umebaki nyuzi chache. Umeme wote wa kurudi ulikuwa unapenya kwenye unga na vinyuzi hivyo.

Nilichofanya ni hiki.

Kwanza kufungua terminali ya hasi kabla ya kugusa chochote. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni shoti ya moja kwa moja.

Alteneta nimeweka Lucas A127 ya ampia 65, aina iliyotumika kwenye Land Rover za baadaye. Nimepiga hesabu ya mzigo: taa kubwa mbili za wati 60 ni ampia 10, spotilaiti mbili za wati 55 ni 9, koili 4, waipa 4, taa ndogo 2. Hiyo ni 29 kabla betri haijapewa kitu, na 16ACR inafikia 34 yake injini ikiwa inakimbia tu. A127 inakaa kwenye mabano yaleyale kwa kuongeza washa moja nyuma na kulinganisha puli kwa rula ndefu ili fenibelti isitembee kombo. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja.

Waya mkuu ni wa milimita 16 za mraba, laini wenye nyuzi nyingi, kutoka posti ya B+ ya alteneta mpaka kwenye posti ya solenoidi ya stata inayopokea waya wa betri. Urefu mita moja na nusu. Hesabu yake: shaba ya 16 kwa urefu huo inapoteza kama volti 0.1 ikipitisha ampia zote 65. Ukitumia ya 2.5 inapoteza karibu 0.7 na inachemka. Waya huu usiufunge kwa kuungaunga. Uwe mmoja, lagi (kichwa cha shaba chenye tundu la bolti) kila mwisho.

Kwenye mwisho wake wa upande wa betri nimeweka fyuzi ya bolti ya ampia 80. Wengi wanaiweka upande wa alteneta. Lakini daiodi zikipiga shoti, umeme unaounguza gari unatoka kwenye betri, kwa hiyo fyuzi ikae karibu na betri ndipo ilinde urefu wote wa waya. Gari langu lilitoka kiwandani bila fyuzi yoyote kwenye waya huu.

Ethi: waya mwingine wa 16 kutoka boliti ya bodi ya alteneta mpaka kwenye bloku ya injini, kutoka bloku mpaka hasi ya betri, na mmoja mpana kutoka hasi kwenda chesi. Kila mahali nilikwangua rangi mpaka chuma king'ae, nikabana, ndipo nikapaka grisi juu.

Waya mwembamba wa kahawia wenye mstari wa njano ni wa taa ya chaji, nao unaingia D+, posti ya taa ya chaji kwenye A127. Kwa faida ya wenye Land Rover za aina hii, rangi za Lucas ukizijua umemaliza nusu ya kazi: kahawia tupu ni umeme wa betri usiozimwa na swichi wala fyuzi, nyeupe ni unaotoka swichi ya funguo, kijani umeshapita fyuzi baada ya swichi, zambarau ni wa fyuzi ambao haujali swichi, nyeusi ni ethi. Nyaya nene za kahawia zilizokuwa zinatoka kwenye alteneta ya zamani nimezitoa kabisa. Usiziache zikining'inia, maana upande mwingine bado zina umeme wa betri.

Kipimo cha mwisho, mzigo uleule: betri 13.9, alteneta 14.1. Upande wa chanya unapoteza 0.13, wa hasi 0.05.

Mwenye swali karibu.

---

Boneti Wazi

Mkuu pole sana kwa Kitonga, ile kona usiku naijua. Ila swali: badala ya kazi yote hii si ungeweka betri kubwa, N100 hivi, ukasahau? Mjomba wangu ana Hilux ya zamani kafanya hivyo na anatembea.

---

Mpanda Kitonga

Betri ni debe la maji, mkuu. Debe kubwa linachelewa kuisha, lakini kama bomba linalolijaza limeziba, litaisha tu, na kulijaza tena kutachukua muda mrefu zaidi. Nilipotoka N50 kwenda N70 nilipata wiki mbili za raha. Mwambie mjomba apime volti kwenye betri taa zikiwa zimewaka. Kama anaona 13.8 kwenda juu, N100 yake iko salama. Akiona 12 na kitu, siku zake zinahesabika.

---

Spana Kumi na Tatu

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanza, mwaka wa kumi na tisa huu. Uzi umekaa sawa na sina cha kupinga. Naongeza mambo ambayo vijana wangu nawafundisha kila siku.

Kuhusu taa ya chaji kutowaka. Ile taa imekaa kati ya sehemu mbili: upande mmoja umeme wa swichi, upande mwingine alteneta. Inawaka kwa tofauti ya volti kati ya pande hizo. Gari limezimwa lakini funguo imefunguliwa, upande wa swichi una 12, upande wa alteneta karibu na sifuri, taa inawaka. Injini ikiunguruma pande zote zinakaribiana, taa inazima. Kwa mtoa uzi tofauti ilikuwa kama volti 2, na balbu ya volti 12 ikipewa 2 haimuliki. Lakini ungeifunika kwa kiganja usiku ungeona uzi wake umekuwa mwekundu kwa mbali sana. Mteja akiniambia "taa yangu inang'aa kidogo gizani tu", naenda moja kwa moja kwenye maungio ya waya mkuu.

Jambo la pili, ile balbu inafanya kazi. Ni ya wati 2.2, na umeme unaopita ndani yake, kama ampia 0.18, ndio unaoamsha alteneta kila unapowasha gari. Balbu ikiungua, alteneta nyingi za aina hiyo hazichaji mpaka ukanyage mafuta sana. Nimeona watu wamenunua alteneta kwa sababu ya balbu ya shilingi mia chache.

Tatu, kwa wenye Toyota za zamani, Corolla KE, Hilux za kwanza, Land Cruiser 40, zile zenye kiboksi cha regyuleta nje kwenye ukuta wa injini. Kiboksi kile kina vidole vya kugusana ambavyo vinaungua kwa miaka. Nikibadilisha kuweka alteneta yenye regyuleta ndani, ile ya soketi ya pini tatu, naunga hivi: IG inapata umeme wa swichi, L inapata waya wa taa ya chaji uliokuwa unakuja kwenye kiboksi, S inakwenda betri moja kwa moja kwa waya wake wenyewe na fyuzi yake ndogo. Waya wa F na wa N hauna kazi tena, uufunge vizuri. S usiiunge kwenye posti ya alteneta kwa uvivu. Kazi yake ni kuipelekea regyuleta habari za betri, na ukiiunga nyumbani kwake unarudi kulekule alikokuwa mtoa uzi.

Na daiodi: weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikiunguruma. Ikisoma chini ya 0.1 uko salama. Ikifika 0.5 daiodi moja imekufa, na hiyo inaweza pia kuwa ndiyo inayokunywa betri usiku gari likiwa limelala.

---

Mto Athi

Salamu kutoka Nairobi. @Spana Kumi na Tatu umenimaliza hapo kwa balbu. Nina Datsun 1200 pikapu ambayo tayari ina alteneta ya regyuleta ya ndani, nimebadilisha taa zote za dashibodi kuwa LED, nilizipata Kirinyaga Road kwa bei nzuri. Tangu siku hiyo lazima nivute mafuta asubuhi ndipo taa ya chaji izime. Ina maana ni hiyo LED?

---

Spana Kumi na Tatu

Ndiyo, karibu bila shaka. LED inapitisha umeme mdogo mno, hautoshi kuiamsha. Una njia mbili. Rudisha balbu ya kawaida ya wati 2.2 kwenye nafasi hiyo moja, au bakisha LED na uunge rezista ya omu 68 ya wati 5 sambamba nayo. Rezista iweke mahali penye hewa, isiegemee plastiki, inapata joto funguo ikiwa imefunguliwa na injini haijawaka. Mimi nakushauri balbu.

---

Pwani Mchangani

Assalaam alaykum. Niko Unguja, na huku chumvi ya bahari hainusuru kitu. Nilisuka nyaya za gari langu kwa waya mzuri kabisa, baada ya miaka miwili nikakuta kutu imepanda ndani ya ganda la waya kama shubiri tatu kutoka kwenye lagi. Nje waya mzima, ndani mweusi. Siku hizi natumia waya uliopakwa bati, ule wa vyombo vya baharini, unapatikana kwa wanaotengeneza maboti. Na baada ya kubana lagi navika mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, nauchoma kwa moto mdogo mpaka gundi itoke pembeni. Bila gundi ile hewa ya chumvi inaingia tu.

Swali langu kwa mtoa uzi: lagi zako umebana au umechomelea kwa risasi?

---

Mpanda Kitonga

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimebana. Niliazima koleo la haidroliki kwa fundi wa umeme wa majumbani, lile la kubania lagi kubwa. Bano likiwa zuri, ukikata lagi katikati kwa msumeno unaona nyuzi zimeshikana zikawa kama chuma kimoja, hakuna tundu. Nilikata moja ya majaribio nikaliona hilo kwa macho kabla sijafanya za kweli. Risasi nimeiepuka kwa sababu inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo unapokatikia kwa kutikisika. Asante kwa hilo la waya wa bati, sikulijua.

Wengine wanagongea lagi kwa nyundo na patasi. Jamani, ungio hilo linapitisha ampia 60 hatua chache kutoka kwenye kabureta. Azimeni koleo.

---

Mzee wa Daynamo

Vijana nawasalimu. Niko Moshi. Nimeusoma uzi huu wote kwa miwani. Gari langu ni Series IIA ya mwaka 1964, petroli. Lina daynamo, kiboksi cha kontroli chenye herufi A, A1, F, D na E, na saa ya ampia kwenye dashibodi. Tena lina kitu ambacho mafundi wa leo hawakiamini nikiwaambia: ethi yake ni chanya. Mwaka jana kijana mmoja alifunga betri kama alivyozoea, nikamzuia kabla hajabana. Mwezi Oktoba 2024 nilitaka kulipeleka kwenye tamasha la Land Rover Arusha nikaogopa kurudi usiku, kwa sababu daynamo ikiwa kwenye foleni haichaji kabisa. Je, linaweza kuwekwa alteneta bila kuliharibu?

---

Mpanda Kitonga

Shikamoo mzee wangu. Linaweza, na injini yako ni ndugu wa yangu kwa hiyo vishikio vinaingiliana. Namwachia @Spana Kumi na Tatu suala la ethi maana mimi sijawahi kuligusa. Ila usinunue alteneta. Nina zile 16ACR mbili stoo, zote nzima, nilizozing'oa bila sababu. Moja ni yako. Naituma kwa basi pamoja na kishikio chake na kipande cha kurekebishia mkanda.

---

Spana Kumi na Tatu

Shikamoo mzee. Ulifanya vema kumzuia huyo kijana, na kwenye alteneta jambo hilo ni zito zaidi. Alteneta ikifungwa kwenye ethi ya chanya, daiodi zake zinaungua palepale betri inapogusa. Kwa hiyo geuza gari zima kwanza liwe ethi ya hasi, ndipo alteneta ipande. Land Rover wenyewe walihamia hasi mwaka 1967.

Kugeuza si kugumu. Betri inageuka, na vibanio vyake vibadilishwe kwa sababu nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi. Nyaya mbili ndogo za koili zibadilishane nafasi, ile ya kwenda disitributa ikae upande wa hasi, la sivyo cheche inakuwa dhaifu. Taa, honi na stata havijali. Redio ya zamani, kama ipo, ichomoe kabisa. Feni au pampu iliyoongezwa baadaye yenye sumaku ndani itazunguka kinyume, geuza nyaya zake.

Kiboksi cha kontroli: nyaya zilizo A na A1 ziunge pamoja kwa bolti moja, zifunikwe vizuri. Waya mpya wa milimita 6 za mraba utoke kwenye posti ya alteneta uje kwenye ungio hilohilo. Usitegemee waya wa zamani wa D, huo ulikuwa wa daynamo ya ampia 22 na una umri wa miaka sitini. Waya wa taa ya chaji uliokuwa kwenye D uungwe na ule mwembamba wa F, na upande wa alteneta ule wa F uingie IND, posti ya taa ya chaji. E inabaki ethi. Kiboksi chenyewe kiache ukutani kama kilivyo kwa sura, tupu.

Na 16ACR ndiyo inayokufaa, usiweke ya ampia 65. Saa yako ya ampia inapitisha umeme wote wa kuchaji betri ndani yake, na imeandikwa 30. Alteneta kubwa itaichoma, na nyuma ya dashibodi ni mahali pabaya pa kuanzia moto.

---

Boneti Wazi

Mjomba kapima. 12.4 taa zikiwa zimewaka. Kesho tunafungua tepu.

---

Mzee wa Daynamo

Vijana, mzigo ulifika Jumanne. Tumefanya kazi siku mbili na mjukuu wangu, yeye akisoma uzi huu kwenye simu na mimi nikishika spana. Gari limewaka mara ya kwanza. Mita inasoma 14.1 kwenye betri, taa zikiwa zimewaka, injini ikiunguruma polepole, jambo ambalo gari hili halijawahi kulifanya tangu nilinunue. Tatizo ni moja: saa ya ampia inaonyesha betri inatoa badala ya kupokea. Sindano imelala kushoto. Tumekosea wapi?

---

Spana Kumi na Tatu

Hamjakosea popote mzee. Umeme sasa unapita ndani ya saa kwa upande wa kinyume na uliozoea. Fungua hasi ya betri, nenda nyuma ya saa, nyaya zake mbili nene zibadilishane nafasi.

---

Mzee wa Daynamo

Mjukuu ndiye aliyeingiza mkono, vidole vyangu havipiti tena. Sindano imelala kulia, ikaanza kurudi katikati taratibu betri ilivyokuwa inajaa. Tumekaa ndani ya gari tukaiangalia mpaka ikasimama.